Jina kwa Rangi Nyekundu

Jumanne, 10 Machi
Binti yangu Diane ameniletea daftari hili na kalamu mbili, akaviweka mezani kama mtu anayemwekea mgonjwa dawa. Anasema kama sitaki kuongea na watu, basi niandike. Haya, naandika. Leo mvua imenyesha tangu asubuhi na basi la kwenda kazini Wetherill Park limechelewa.

Jumatano, 11 Machi
Mvua tena.

Ijumaa, 13 Machi
Nimesoma niliyoandika nikajicheka. Niandike sawasawa. Mimi ni Anicet Niyonsaba, Mrundi niliyekulia kambini Tanzania, na siku hizi nachonga mawe ya makaburi katika karakana ya Mwitaliano aitwaye Rocco, hapa Sydney. Mke wangu, Généreuse Akimana, alifariki Julai iliyopita. Moyo ulisimama akiwa jikoni anamenya ndizi. Amelala makaburi ya Rookwood, na juu ya kaburi lake kuna kigingi cha mbao chenye namba, basi. Nimewachongea mawe Wachina, Walebanoni, Wagiriki, hata mbwa mmoja wa tajiri. Mke wangu sijamchongea. Kila nikishika tindo kwa ajili yake mkono unakataa.

Jioni amepiga simu Vénérand, mkubwa wa Warundi wenzetu kanisani. Kuganduka kumepangwa Jumamosi ya tarehe kumi na nane Julai. Ndiyo siku ya kuondoa matanga kabisa: watu wanakula, wanasema la mwisho, na mfiwa anarudi kwa walio hai. "Bon, ndugu yangu," akasema, "jiwe liwe tayari. Baada ya hapo uko huru." Nikamuuliza huru wa nini. Akaanza kunisifia Bibiane, yule mjane aliyehamia kutoka Brisbane, anavyopika na anavyoimba. Nikakata simu. Mtu mzima na mvi zake anakuwa dalali.

Alhamisi, 19 Machi
Amekuja mteja, mama wa Kijapani, mwembamba, koti limemzidi. Sumie Nagaoka. Mumewe amefariki Januari. Ameleta karatasi ndefu aliyoiandika mwenyewe kwa brashi na wino mweusi, na hataki mashine ya kupuliza mchanga iguse uso wa jiwe. Anataka mkono na tindo. Rocco akamwambia wenye mikono hiyo wamebaki wawili, yeye na mimi, na mgongo wake unasubiri kupasuliwa. Basi kazi ikaniangukia.

Jumanne, 24 Machi
Mama Sumie amerudi kuniona nikianza. Anaongea Kiingereza polepole, nami changu ni cha kuokota, kwa hiyo tunaelewana vizuri. Akaangalia alama nilizochora kwenye jiwe la mazoezi, akatikisa kichwa. Akasema nimechora umbo, sijaandika. Akachovya brashi kwenye ndoo ya maji na kuandika juu ya graniti nyeusi iliyokuwa kavu. Maandishi yakang'aa, kisha yakakauka na kupotea. Akaandika tena.

Herufi yenyewe ni hii: 家. Ina mistari kumi, na kila mmoja una zamu yake. Kwanza nukta ya juu, halafu ukingo mfupi wa kushoto, halafu paa lenyewe linaloenda kulia na kukunja ncha. Paa limekwisha. Chini yake mstari wa kulala, kisha mgongo uliopinda, kisha miguu, kushoto na kulia. "Nguruwe," akasema. Nikadhani sijasikia. Akacheka, akarudia: ni paa, na chini ya paa kuna nguruwe. Watu wa kale waliona mahali penye paa na mfugo ndipo penye nyumba.

Maana yake ni nyumba. Ukiiweka baada ya jina la ukoo inakuwa ni watu wote wa jina hilo, walio hai na waliokufa, na ndivyo inavyokaa kaburini: Nagaoka, kisha hii. Ukiiweka baada ya kazi ya mtu inakuwa ni bingwa wa kazi hiyo, mchoraji au mwandishi. Nikamuuliza kwa nini nisianze na nguruwe, paa nikamalizia. Akanitazama kama mwalimu wa darasa la kwanza. "Utamwacha anyeshewe?"

Nimecheka. Naandika hapa kwa sababu sikumbuki mara ya mwisho.

Ijumaa, 27 Machi
Maji na brashi wakati wa chakula cha mchana. Nguruwe wangu ana miguu ya meza.

Alhamisi, 2 Aprili
Nguruwe amesimama. Mama Sumie amepita, akaangalia, akasema "Sasa ananuka," na nadhani ilikuwa sifa.

Jumatatu, 6 Aprili, Pasaka
Nilimwonyesha Diane ile herufi, nikaiandika kwa maji kwenye kibaraza. "Cool, Papa," akasema, macho kwenye simu. Kisha akaingia ndani na kumpigia mwenzake, nikamsikia akicheka hadi anakohoa. Mwaka haujaisha tangu msiba. Anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, anaona vifo kila wiki, labda ndiyo maana. Lakini huyu alikuwa mama yake. Nimekaa kibarazani mpaka herufi ikakauka, na nimemchukia mwanangu kidogo. Naandika kwa sababu ni kweli.

Jumanne, 14 Aprili
Rocco amelazwa, mgongo. Kabla ya kuondoka alikuwa ameshachonga ubavu wa jiwe la Nagaoka, majina mawili ya Kijapani yaliyosimama bega kwa bega, na kupaka rangi. Mimi nimemaliza uso. Herufi yangu imekaa katikati na hata mimi naipenda.

Jumatatu, 20 Aprili
Leo nimekuta Rocco aliondoka bila kumaliza kazi. Kwenye ubavu jina moja limepakwa nyeupe na la pili nyekundu. Katika karakana yetu nyekundu ni rangi ya muda. Tunachorea kwa nta nyekundu mahali pa kukata, kisha tunaifuta. Nikajua maumivu yalimzidi akaacha rangi ya chini. Nimeing'oa yote kwa dawa, nikasafisha kwa sindano kona kwa kona, nikapaka nyeupe tabaka mbili. Sasa majina yote mawili yamefanana. Nimejipongeza kwa chai.

Jumanne, 28 Aprili
Siwezi kuandika kwa mpangilio, lakini nitajaribu.

Tumelisimamisha jiwe Rookwood asubuhi. Kulikuwa na ukungu na baridi ya kwanza ya kweli. Mama Sumie alikuja peke yake na ndoo, kitambaa na maua. Akainama mbele ya uso wa jiwe, akagusa ile 家 kwa kidole akiifuata mstari kwa mstari, na mistari yote ilikuwa kwenye zamu yake, nikaona ameridhika. Kisha akazunguka ubavuni.

Hakurudi. Nikamfuata nikidhani analia kwa furaha. Akaniuliza, bila kunitazama, "Anicet-san, nimekufa lini?"

Nikasema sijaelewa. Akaweka kidole kwenye jina la kwanza. "Mume wangu." Akaweka kwenye la pili. "Mimi." Akanieleza kwamba kwao mke anaweza kuandikwa kaburini pamoja na mumewe siku ileile, lakini kwa nyekundu, kwa sababu bado yuko hai. Siku akifa watu wanaondoa ule wekundu. Mpaka hapo jina linamsubiri mwenyewe.

Ardhi ingepasuka ningeingia. Nilipiga magoti kwenye majani mabichi na kuomba msamaha kwa Kiingereza, Kiswahili na Kirundi. Miezi tisa nalia juu ya kaburi, halafu namzika mama wa watu mzima mzima kwa mkono wangu, na chai juu yake.

Akaniinua kwa kiwiko. Alikuwa anacheka na machozi yanatoka. Akasema nipake nyekundu leo, si kesho. Nikasema jiwe lina unyevu wa ukungu, nikiharakisha rangi itabanduka. Akasema leo. Nikaenda kwenye gari la karakana kutafuta kopo la rangi.

Nilipokuwa nang'oa nyeupe alikaa kwenye ukingo wa kaburi la jirani, akasema. "Nilipoona jina langu jeupe nilifurahi. Kidogo tu. Nikaona basi, imekwisha, naweza kupumzika. Ndiyo maana nataka nyekundu leo." Nikapaka. Haikumwagika hata tone.

Alhamisi, 30 Aprili
Nafikiria tu ile nyekundu.

Jumapili, 3 Mei
Kumbe wapo watu duniani waliolifikiria jambo hili kabla yangu: mtu kujiandika pembeni ya mkewe na kusubiri. Kanisani Vénérand ameniketisha karibu na Bibiane. Ni mtu mzuri, hana kosa. Alinipa peremende. Mimi nilikuwa naangalia mikono yangu na kuona herufi za jina langu zikiwa nyekundu chini ya jina la Généreuse. Kwa mara ya kwanza tangu Julai mkono haukukataa.

Jumatano, 13 Mei
Nimechagua jiwe. Jeusi, limetulia, halina mishipa. Rocco ananiuzia kwa bei yake. Amerudi anatembea kama mzee wa miaka mia, na nilipomwambia jinsi nilivyoing'oa nyekundu yake akashika kichwa.

Juu nitaweka 家. Sisi hatuna jina la ukoo. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake: mimi Niyonsaba, mke wangu Akimana, binti yetu Irambona. Kila ofisi ya hapa Sydney inatuuliza family name ni lipi kati ya hayo, na kila mara tunajibu tofauti. Généreuse alikuwa akisema nyumba yetu ni ya wageni watatu wanaokutana kula. Sasa nimepata herufi ya kutuita bila kumbandika mtu jina la mwenzake.

Ijumaa, 22 Mei
Mama Sumie ameleta keki ya maharage matamu, kitu cha ajabu, nimekula vipande vitatu. Nikamwuliza kama ni dhambi kuiandika herufi ile bila jina mbele yake. Akafikiri. "Basi inabaki nyumba tu. Nyumba ya nani?" Nikasema yetu. Akasema andika. Nikamwambia na mimi nitajiandika kwa nyekundu. Akaacha kutafuna.

"Binti yako anasemaje?"

Nikasema bado sijamwambia. Akafunga kopo la keki. "Mimi nina miaka themanini na moja," akasema, akaondoka.

Jumapili, 7 Juni
Nimemwambia Diane. Nilisubiri tumalize kula. Aliweka kijiko chini.

"Papa, are you serious? You're not even fifty."

"Ni desturi nzuri. Ni jina tu."

"Kwa Wajapani! Si kwetu. And it's not just a name." Akasimama, akakaa tena. "I buried Mama. Usinilazimishe kukuzika na wewe."

Nikamwambia hajui kupenda, angejua asingecheka kwenye simu. Ndivyo nilivyosema. Akachukua sahani yake na yangu akaziosha, akazifuta, akazipanga kabatini, akaenda kazini bila kuniaga.

Jumatatu, 8 Juni
Baridi. Hatuongei.

Jumanne, 16 Juni
Nimeanza jiwe. Paa, kisha nguruwe. Rocco amekaa kwenye kiti chake cha mgonjwa ananiangalia.

Alhamisi, 25 Juni
Généreuse Akimana. Kila herufi nimeichimba mpaka ncha ya kidole inazama. Nilikuwa naongea naye. Nilimweleza habari za keki ya maharage, na za Bibiane, nikajua angecheka sana kwa hiyo ya Bibiane. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama hii na sitaki iishe.

Ijumaa, 3 Julai
Jana nimechonga langu, chini ya lake. Nilifanya haraka haraka, Rocco akiwa kwa daktari, kama mtu anayeiba. Halikuzama sana. Leo nimepaka. Jekundu juu ya jiwe jeusi, linaonekana kutoka mlangoni. Nikakaa mbele yake nikahisi nimefika mahali. Kupumzika. Nikakumbuka neno la Mama Sumie na nikalisukuma mbali.

Jumamosi, 11 Julai
Diane amekuja karakana.

Hakuwahi kuja hata siku moja. Alitaka kupima meza ya maua ya siku ya kuganduka, alitaka kujua upana wa jiwe. Nilikuwa naosha tindo nyuma na nikachelewa kumzuia. Nilipofika alikuwa amesimama mbele ya jiwe na mkoba begani. Nikajiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Akaonyesha ile herufi ya juu.

"Hii ndiyo ile uliyoniandikia Pasaka? Nyumba?"

Nikasema ndiyo. Nikashangaa kwamba anaikumbuka.

"House. Family." Akasoma jina la mama yake, akasoma langu. Akatafuta chini zaidi, akatafuta ubavuni, hata akainama kuangalia nyuma. "Na mimi?"

Nikaendelea kufuta tindo mkononi.

"Mimi ndiye niliyemkuta, Papa. Wewe ulikuwa hapa. I sat on the floor with her. Ndizi zilikuwa bado mkononi. I held her till the ambulance came na nikakupigia simu wewe, nikakuambia polepole usije ukaanguka na wewe. And I've been cooking in that kitchen every day, nasimama palepale, kwa sababu nisipopika huli. And I'm not in the house?"

Nikaanza kusema kwamba kwa desturi yao wanaandikwa mume na mke tu. Nikaona sura yake, nikaacha. Nikatafuta neno jingine haraka, na lililokuja ndilo hili: "Nafasi ipo. Nitakuongeza. Kwa nyekundu."

Akarudi nyuma hatua. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeshika kisu bila kujua. "Me? On a gravestone? Nina miaka ishirini na tatu."

Ndipo nilipojisikia mwenyewe. Mwaka mzima nimekuwa najenga nyumba ya kufia, na pale mtoto wangu alipobisha hodi nilimwambia aingie, nafasi ipo. Nikataka kumshika mkono, akauvuta. Akaenda kituo cha basi na sikumfuata.

Jumapili, 12 Julai
Sikwenda kanisani. Diane hakurudi usiku, amelala kwa rafiki. Nimeingia jikoni na kusimama pale anaposimama yeye. Kuna kigae kimoja kimepasuka. Nimekaa nyumba hii miaka yote sijakiona.

Jumatatu, 13 Julai
Amerudi kuchukua nguo za kazi. Nilimsubiri mlangoni. Nikamwambia nitaliondoa jina langu.

"Utapaka rangi juu?"

Nikamweleza. Jiwe halizibwi. Ukijaza shimo kwa gundi, jua la Sydney litaionyesha baada ya majira mawili. Njia ya haki ni kusaga uso mzima mpaka chini ya mkato, kisha kuuchonga upya.

"Uso mzima," akasema. "Na la Mama?"

"Na la Mama."

Akakaa kwenye ngazi. Akasema niache basi, libaki hivyo, atazoea. Nikamwambia sitaki azoee kuja kaburini kwangu ningali nakula ugali wake. Kisha akauliza karakana inafunguliwa saa ngapi.

Jumatano, 15 Julai
Nimempigia Vénérand kumwambia Jumamosi watu waje, waombe, wale, lakini jiwe halitakuwepo. Akaanza, "Mon frère, watu watasema nini," halafu akasikia sauti yangu akasema sawa.

Diane amechukua ruhusa kazini. Rocco amempa barakoa ya vumbi, miwani, viatu vyake vya mpira, akamwonyesha jinsi ya kushika mpira wa maji ili diski isikauke, kisha akasema anakwenda kununua kahawa. Kahawa ipo karakana tele.

Nikawasha grenda ya kusagia. Nilianza juu na ile 家 ikaondoka mguu baada ya mguu, mwisho paa. Nikashuka kwenye jina langu. Halikuchukua muda, nilikuwa nimelichonga juu juu tu. Ule wekundu ukateremka na maji mpaka kwenye mfereji, ukaisha.

Halafu la Généreuse. Hilo nilikuwa nimelichimba. Nilipitisha diski mara ya kwanza na ya pili na likabaki vilevile, linasomeka kama mchana. Mara ya tatu G ikaanza kupungua kina. Nikasimama. Nikaanza tena, nikasimama. Nilifuta jina la mke wangu kwa mkono uleule nilioliandikia, na lilikuwa haliondoki, na kila nilipodhani limekwisha maji yalipita nikaliona tena. Nikazima grenda. Nikamwambia Diane siwezi.

Hakuniambia pole. Alinipa mpira wa maji, akachukua grenda kutoka mikononi mwangu, akatanua miguu kama Rocco alivyomfundisha, akaendelea. Alikuwa anafuata jina la mama yake taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, kama anayelisoma. Nikamwagia maji mbele ya diski. Nikaanza kulia, si machozi ya kimya, kulia kwa sauti kama msibani kwetu, maana mashine ilikuwa na kelele na barakoa ilinifunika na nilijua hanisikii.

Alipoizima nilikuwa bado nalia, akanisikia.